Droo ya Njia ya Goweko

Wiki mbili zilizopita nilipita masjala kuwasalimu, nikamkuta Tausi amekaa mbele ya ile kompyuta mpya kama mtu anayesubiri treni iliyochelewa. Aliniamkia, akanivutia kiti, kisha akaniuliza swali.

"Mzee, hili jalada kubwa la vijiji, ukilifungua unataka kioo kianze kukuonyesha nini? Mashine inakubali kupangwa. Inaweza kuanza na A ikaenda mpaka Z. Inaweza kuanza na faili lililoguswa mwisho. Au tukiiambia ianze mahali fulani, itaanza hapohapo kila siku."

"Nipe muda nifikiri," nikasema.

"Kwani ni swali gumu hivyo?"

"Ni gumu."

Alicheka, na wenzake wawili wakacheka. Siwalaumu. Nilipokuwa na umri wenu mimi niliulizwa swali hilohilo kwa namna nyingine. Nililijibu kwa kazi ya siku nane bila kufikiri hata kidogo, na jibu langu likamnyang'anya mtu siku mbili ambazo sikuweza kumrudishia. Ndiyo maana nawaandikia. Someni mkiwa mnakunywa chai, msiharakishe.

Mnaniita mzee, na hamsini bado sijaifikia. Lakini mtu aliyepunguzwa kazini huzeeka siku ileile anapokabidhi funguo. Mimi nilikabidhi tano, nne za makabati na moja ya mlango, na tangu siku hiyo miguu yangu haitulii. Nimekwenda Ujiji bila shughuli yoyote. Nimekwenda Nzega kumtembelea rafiki niliyekuwa nimekwisha kuambiwa kwamba alifariki. Kila mji nikifika najikuta nauliza masjala yao iko wapi, nikachungulie wanavyopanga. Mke wangu anasema wanaume wengine hufuata pombe, yeye wake anafuata makabati.

Ninyi mmeanza kazi wakati faili linafunguka kwa kidole kimoja. Sisi tulifungua kwa mikono miwili na pua. Droo za chuma zilikuwa nzito, ukivuta kwa pupa kabati zima linakuinamia, kwa hiyo ulitanguliza goti. Kisha ilikuja harufu. Tabora ni mji wa mchwa, mnajua, na mchwa hawabagui barua ya mkuu na barua ya mkulima. Sisi tulitandika majani makavu ya tumbaku chini ya mafaili, yale yaliyovunjika ambayo wakulima wa Goweko hawakuweza kuyauza. Mchwa waliyakwepa. Mpaka leo nikipita penye ghala la tumbaku nasimama, naona kama mtu ananiita nilete faili.

Karatasi mpya ilikaa juu, ya zamani chini, na kila moja ilikuwa na namba yake kwenye kona kwa wino mwekundu. Ukifungua unaanza na habari ya jana, ukitaka chanzo unashuka. Na ukitoa faili kwenye droo, pale lilipotoka unaacha kadi yenye jina la aliyelichukua, ili nafasi yake isipotee. Bwana Shamba mmoja hakuzipenda kadi zetu, alisema zinamfanya aonekane mwizi. Faili la visima likapotea wiki tatu. Tulipekua mpaka dari. Siku moja nilimpelekea barua nikaona amekaa wima kupita kawaida. Kiti chake kilikuwa kimetoboka, na faili la visima lilikuwa limeziba tundu.

"Nililitumia," akaniambia bila haya. "Lilikuwa la saizi yake."

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Mzee Haruna.

Nilipoajiriwa nikitoka shule ya sekondari, miaka michache baada ya Uhuru, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa masjala. Alikuwa mtu wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, mfupi, viatu vyake viking'aa kiangazi na masika, na ulimi wake haukumwacha mtu. Jina langu alilijua lakini hakulitumia. Aliniita Sekondari. "Sekondari, funga dirisha, upepo unasoma barua za watu." "Sekondari, hiyo siyo tisa, hiyo ni saba iliyochoka."

Babu yake Haruna alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba mizigo begani kutoka Ujiji hadi Bagamoyo na kurudi, sijui mara ngapi, na nyumbani kwao watoto walifundishwa kuyataja makambi ya njiani kwa mpangilio, moja baada ya jingine, kama sisi tulivyofundishwa hesabu za kuzidisha. Haruna alipokabidhiwa mafaili ya vijiji aliyapanga hivyohivyo. Makabati yalikuwa manne, na njia kubwa zitokazo mjini ni nne. Moja ilikuwa ya Goweko, ambayo ndiyo ile ya kwenda pwani. Nyingine ya Ujiji, nyingine ya Nzega, na ya mwisho ya Sikonge. Ndani ya kila droo vijiji vilifuatana kama unavyovikuta ukitembea. Vile vya karibu na mji, kama Ntalikwa, vilikaa mbele, kwa sababu mtu akitoka mjini anaanza navyo. Vya mbali vilikaa nyuma, ambako mkono unaingia mpaka kwapani.

Na ndani ya kila faili, kwenye jalada la mbele, alibandika kadi nyekundu yenye mistari mitatu kwa mwandiko wake wa kuinama. *Nyuma: kijiji fulani. Mbele: kijiji fulani. Hapa njia inagawanyika: tazama droo fulani.* Ukifungua faili moja ulijua ulikotoka na unakokwenda.

Wiki yangu ya kwanza aliniambia nimletee faili la Ilambo.

"Liko droo gani, Mzee?"

"Umewahi kufika Ilambo?"

"Sijafika."

"Basi utafikaje kwenye faili lake?"

Jumamosi ile alinipa baiskeli ya ofisi na kipande cha karatasi. Nilikwenda Ilambo, nikarudi nimeungua shingo. Jumamosi iliyofuata kijiji kingine. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Mnaponiona leo natangatanga msidhani nilizaliwa hivi. Ni yeye aliyenifundisha, na aliponifundisha hakuniambia jinsi ya kuacha.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Ilikuwa wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Malori yalishinda barabarani yamebeba vitanda, kuku, milango iliyong'olewa. Vijiji vidogo vilifungwa, vikubwa vikafunguliwa, na kila kipya kilipewa jina la matumaini: Umoja, Azimio, Mtakuja. Barua zilimiminika masjala kuliko tulivyoweza kuzipokea. Haruna alikuwa likizo, amekwenda Ujiji kumwoza binti yake. Hapo akaja mkuu mpya wa ofisi, kijana mwenye miwani aliyetoka kwenye kozi. Akavuta droo ya Goweko, akasoma majina matano, akatazama juu.

"Hii inasomwaje?"

"Inasomwa kwa miguu, bwana mkubwa," nikasema, na tukacheka wote wawili. Nawakumbusha kwamba nilicheka.

"Wewe una sekondari. Unaweza kuipanga kwa alfabeti?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia kabla ya hapo, kwa sauti ya heshima, kwamba nina sekondari. Niliifanya kazi ile kwa siku nane. Nilichanganya njia zote nne, nikaweka A na A, B na B, nikaandika vichwa vipya kwa herufi za taipureta. Kadi nyekundu niliona hazina kazi tena, nikazibandua. Mama Tatu, aliyekuwa akitupikia chai, alizichukua za kuwashia mkaa. Zilishika moto vizuri, alisema.

Haruna alirudi siku ya Jumatatu, nguo zinanukia udi wa harusi. Alivuta droo. Akapitisha kidole juu ya vichwa vya mafaili, polepole, mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo. Nilisubiri matusi.

"Umefanya kazi nyingi, Sekondari," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Huko nje watu wamehamishwa. Na humu ndani nako umewahamisha."

Alibakiwa na miezi minne kabla ya kustaafu, na miezi yote minne aliniomba mafaili kama mgeni aliyekuja kwa shida yake. "Samahani, Sekondari, kama faili la Ilambo liko karibu." Afadhali angenitukana. Kisha akaondoka, akafungua kibanda kwake Ng'ambo, akawa anatengeneza majiko ya mafuta ya taa. Nilipita pale mara nyingi, kwa upande wa pili wa barabara.

Miaka mitatu ikapita. Alfabeti ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Mtu akitaja jina, faili hutoka kabla hajamaliza. Nilikuwa mkuu wa masjala na nilijiona fundi.

Jumatano moja ya kiangazi akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa gauni la bluu la wahudumu wa zahanati, ameshika kikapu cha mkonge. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, lakini sura ilikuwa ya kwetu.

"Kaka, naitwa Nyamizi," akasema. "Baba alinichukua mdogo, sijaota meno ya pili, akaenda kukata mkonge. Alisema mkataba mmoja tu. Amekaa hukohuko mpaka amefia hukohuko, mwezi wa tatu sasa. Alipokuwa anaumwa akaniambia mama yangu tulimwacha kwa Mhoja. Aliona haya kurudi. Akasema, nenda kwa Mhoja."

"Mhoja ni nani?"

"Mwanangwa, mkubwa wa kijiji. Jina la kijiji silijui. Sisi tulisema kwa Mhoja, basi. Nimeshuka stesheni hapa wananiambia watu wote walihamishwa, niulize ofisini. Nami nina ruhusa mpaka Jumapili, treni ya asubuhi."

Niliwaambia wasaidizi wangu watazame mtu anayejua kazi. Kwenye M hapakuwa na kijiji cha Mhoja. Sikushtuka. Nikapitia orodha ya vijiji vipya, nikabahatisha kuanza na U. Vijiji vyenye jina la Umoja vilikuwa vitatu, vimelaliana pamoja kwa sababu alfabeti haijui kwamba kimoja kiko njia ya Sikonge, kingine njia ya Nzega, na cha tatu karibu na Goweko. Nilifungua faili la kwanza. Juu kabisa palikuwa na barua: watu wa mwanangwa Mhoja wamepokelewa na kupewa viwanja. Hayo mengine mawili sikuyafungua. Kwa nini niyafungue? Nilikuwa nimepata, na haikuchukua dakika tano.

"Umoja, njia ya Sikonge," nikamwambia. "Kuna lori la tumbaku linaondoka saa nane."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wasaidizi wangu walinitazama kwa kijicho, na mimi nikaipenda siku ile.

Ijumaa asubuhi nilimkuta kwenye ngazi za ofisi kabla sijafungua mlango. Gauni la bluu lilikuwa limekuwa la rangi ya barabara.

"Kaka, yule siye Mhoja wetu," akasema kwa upole, kama anayenipa pole mimi. "Yule ni mtu wa Ukonongo, na watu wake wote wa Ukonongo. Nimelala huko siku mbili kwa kukosa lori. Wamenikarimu. Walinipangia bibi mmoja baada ya mwingine, waniangalie kama kuna anayenijua."

Nilifungua yale mafaili mengine mawili ya Umoja. Yalikuwa membamba, na hakuna lililomtaja Mhoja. Na nani alisema ni lazima iwe Umoja? Watu wa mama yake wangeweza kuwa Azimio yoyote, Mtakuja yoyote, pande nne za mji. Habari yao ilikuwa humo makabatini, hilo nililijua, kwenye faili la kijiji chao cha zamani. Lakini faili lile lilikuwa na jina la serikali, na jina la serikali Nyamizi hakuwahi kulisikia. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya njia tu, na kabati langu sasa halikuijua njia yoyote.

Nikamwambia akae, Mama Tatu ampe chai. Nikapanda baiskeli mpaka Ng'ambo, na safari hii sikupita upande wa pili.

Haruna alikuwa ameinamia jiko, risasi ya kuchomelea inayeyuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Shika hapa."

Nikashika. Lilikuwa la moto. Hakuniambia niachie.

"Mzee, nimekosea."

"Nyoosha mkono, risasi itamwagika." Akachomelea taratibu, akapuliza. "Umekosea lini?"

"Wakati ule ulipokuwa harusini."

"Hilo nalijua. Nilidhani umekuja na jipya."

Nikamweleza habari za Nyamizi. Aliposikia treni ni Jumapili alisimama, akanawa mikono, akaingia ndani. Alitoka amevaa viatu vyake vinavyong'aa. "Nina sala ya Ijumaa saa saba," akasema. "Kanyaga pedali." Nikampakia nyuma.

Tulipofika masjala alimtazama Nyamizi kwanza, ndipo makabati. Akavuta kiti karibu naye.

"Mwanangu, majina tuyaache. Siku mliyoondoka, baba yako alikubeba?"

"Mabegani. Nilishika nywele zake."

"Jua lilikuwa wapi?"

Nyamizi alifumba macho. "Machoni. Alikuwa anaweka kiganja hivi, na mimi namwigiza."

"Asubuhi, jua machoni. Mlikuwa mnakwenda mashariki. Na mlipandia wapi treni? Hapa mjini?"

"Hapana. Stesheni ndogo. Tuliisikia inalia kabla hatujaiona, baba akakimbia nami, nikauma ulimi."

"Mlilala njiani?"

"Hatukulala."

"Basi mmetoka upande huu wa Goweko, mwendo wa asubuhi moja," Haruna akasema, na mara ya kwanza kwa miaka mitatu akanitazama usoni. "Sekondari, nitakutajia, wewe uniletee. Tunaanza mjini."

Akaanza kutaja. Hakufikiri, alikuwa kama anasoma kitu kilichobandikwa ukutani. Jina, jina, jina. Mimi nikawa nakimbia kutoka herufi hadi herufi, kabati hadi kabati, nikichomoa vijiji nilivyovitenganisha mwenyewe. Tukavipanga sakafuni kuanzia mlangoni kwenda dirishani, kimoja baada ya kingine. Mama Tatu alisimama mlangoni na birika mkononi asijue apite wapi.

"Sasa simama pale dirishani, ndipo stesheni," Haruna akamwambia Nyamizi. "Rudi nyuma. Kabla ya kusikia treni mlipita nini?"

"Mbuga. Udongo mweupe, ulikuwa unanata kwenye miguu ya baba."

Haruna akagusa faili la pili kutoka dirishani kwa ncha ya kiatu. "Hii hapa. Endelea."

"Kabla yake watu wanafinyanga vyungu. Mama mmoja alinipa kichungu kidogo, baba akakiacha njiani."

"Wafinyanzi." Faili la nne. "Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo ni kwetu," Nyamizi akasema.

Alikuwa amesimama mbele ya faili la tano. Igalawila. Sikumbuki kama niliwahi kulitazama mara mbili. Nililifungua, nikashuka mpaka chini kabisa, kwenye barua ya zamani ya kuomba kisima: *kijiji cha mwanangwa Mhoja, ambacho wenyeji wanakiita kwa Mhoja.* Kisha nikapanda juu kabisa, kwenye karatasi ya mwisho. Igalawila imefungwa, watu wake wamehamia Umoja, karibu na Goweko. Kwenye kona ya karatasi ile palikuwa na namba kwa wino mwekundu. Mwandiko ulikuwa wangu.

Haruna alitoa penseli nyekundu mfukoni, akaomba karatasi ngumu, akaandika kadi tano, za vijiji vile vitano tu. Kisha akaangalia saa ya ukutani akaenda msikitini kwa miguu, hakutaka nimpakie.

Jumamosi nilikwenda na Nyamizi. Nilijiambia namsindikiza kwa sababu Kinyamwezi kilikuwa kimemtoka chote. Lori lilituacha Goweko mchana, tukatembea. Umoja ilikuwa na nyumba za mistari, nyingine bado hazijakandikwa. Tuliuliza mara moja tu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mwisho, anabangua karanga, mwembamba, na pua ya Nyamizi.

Nyamizi alisimama mbele yake akasema neno moja la Kinyamwezi lililombakia. "Mayu." Yaani mama.

Bibi alimtazama bila kuacha kubangua. Kisha akasema kitu.

"Anasema vua kiatu cha kushoto," nikamtafsiria.

Alivua. Bibi akaushika mguu, akaugeuza kama mtu anayekagua jembe, akakuta kovu lililo chini ya kifundo. Aliweka kidole juu yake, hakukitoa. Karanga zote zilimwagika, na kuku wakazila, hakuna aliyewafukuza.

Sitawaandikia yote ya jioni ile, mengine si yangu. Bibi alipika ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde yanayoungwa kwa karanga, na Nyamizi alipoonja alisema alikuwa akiiota ladha ile miaka yote bila kujua ni ya kitu gani. Walizungumza, na kila neno lilipita kwangu. Bibi aliuliza kama mumewe aliumwa sana. Aliuliza kama Tanga kuna baridi. Kisha akauliza mwanawe atakaa mpaka lini.

"Mwambie mpaka kesho asubuhi," Nyamizi akasema. "Mwambie treni."

Bibi akauliza kama treni haiwezi kuambiwa isubiri. Nyamizi akacheka, huku analia. Akaniomba nimweleze mama yake kwamba alifika Tabora tangu Jumatano, ila alipelekwa kwingine kwanza. Nikaeleza. Nilisema aliyempeleka ni mimi.

Bibi hakukasirika. Alinitazama kama alivyolitazama lile kovu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Jana nilikuwa hapahapa. Na juzi nilikuwa hapahapa."

"Amesemaje?" Nyamizi akauliza.

"Amesema ule, chakula kinapoa," nikajibu.

Asubuhi tulimsindikiza Goweko, tukipitia njia ndefu ili aione Igalawila. Palikuwa mahame tayari, kuta zimeanguka, minyaa imebaki peke yake ikizunguka viwanja visivyo na watu. Bibi alitembea mbele akionyesha kwa fimbo: hapa jiko, hapa ulipojikata, hapa baba yako alikaa akifikiria kuondoka. Treni ililia kabla hatujaiona.

Bibi alifariki masika yaliyofuata, kabla ya likizo nyingine ya Nyamizi. Habari hiyo niliipata kwa barua kutoka Tanga, barua ya kunishukuru. Niliifungulia faili, nikaipa namba.

Droo ya Goweko niliirudisha kama Haruna alivyoipanga, kadi kwa kadi. Yeye alikuja mara mbili kunisahihisha na mara ya tatu hakuja, akawa amelala kitandani, na baada ya hapo hakuamka. Njia zile nyingine tatu sikuweza. Mpangilio wake alikwenda nao. Alipokuwa hai kila siku nilisema nitakwenda Ng'ambo kesho na daftari.

Kwa hiyo Tausi, jibu lako ni hili. Alfabeti iache, inafaa kwa mtu mwenye jina. Lakini jalada la vijiji likifunguliwa, kioo kianze na njia ya Goweko, na katika njia ile kianze na Igalawila, ijapokuwa haina mtu hata mmoja. Ndani yake andika kijiji kilicho nyuma na kilicho mbele, ili anayesoma aweze kwenda na kurudi bila kuanza upya mlangoni kila mara. Kisha andika kwamba vijiji vya Umoja ni vitatu, na kwamba karani afungue vyote vitatu kabla hajamwambia mtu apande lori. Kwa zile njia nyingine tatu, tafuteni wazee waliozitembea, muwaulize na kuandika. Mimi miguu ninayo. Nipeni daftari nitawasaidia.

Leo nimeandika barua mbili. Hii ya kwenu ndiyo ndefu. Ya pili ni ya Nyamizi, kwa anwani ile ya zamani ya zahanati, na sijui kama bado yuko. Ina sentensi tatu. Nimemwambia jioni ile sikumtafsiria yote. Nimemwandikia maneno ya mama yake, jana nilikuwa hapahapa, na juzi nilikuwa hapahapa, kwa Kinyamwezi kwanza kisha kwa Kiswahili. Nimemwambia chakula hakikuwa kimepoa.

Naipeleka posta sasa hivi, kwa miguu.